Shule Isisubiri Jina la Ugonjwa

Mtoto anayesoma Garsen, Tarasaa au Wema humwona mwalimu wake siku 5 kwa wiki. Daktari bingwa, akipatikana, humwona mara chache kwa mwaka, tena kwa safari. Malindi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Mombasa, iliko Hospitali Kuu ya Pwani, ni zaidi ya kilomita 200. Vipimo vya vinasaba navyo huishia Nairobi, na wakati mwingine sampuli ya damu husafirishwa nje ya nchi. Ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa adimu katika Kaunti ya Tana River hushinda mchana kutwa na watu wasiojua anaumwa nini, na mara nyingi hata wazazi wake hawajaambiwa.

Wazazi wengi walio katika hali hiyo huchagua kungoja. Waende kwanza hospitali, wapewe jina, wapewe karatasi yenye muhuri, ndipo wakamwone mwalimu mkuu. Kungoja huko kunaeleweka, maana ni nani apendaye kuingia ofisini kueleza jambo asilolielewa mwenyewe? Lakini kunamgharimu mtoto. Huko Ulaya, penye hospitali kubwa na maabara za kila aina, uchunguzi uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa mgonjwa wa ugonjwa adimu husubiri kwa wastani karibu miaka 5 tangu dalili za kwanza hadi kuambiwa anaumwa nini. Miaka 5 ni kuanzia gredi ya kwanza mpaka mwisho wa gredi ya tano. Mtoto akikaa muda huo wote na mwalimu hajui amfanyie nini, atakuwa ameshaitwa mvivu, ameshaadhibiwa, na huenda ameshaacha shule.

Hoja yangu ni kwamba shule inaweza kuanza kumsaidia mtoto kabla jina la ugonjwa halijapatikana. Inachohitaji kujua ni afanyiwe nini, asifanyiwe nini, na apigiwe nani simu. Na hayo yaandikwe, kwa sababu katika delta ya Tana karibu kila kitu kinachomzunguka mtoto huhama: mwalimu, mifugo, hata mto wenyewe.

Kwanza tuone ukubwa wa jambo. Ulaya huuita ugonjwa adimu ule usiompata zaidi ya mtu 1 kati ya 2,000. Marekani hutumia hesabu nyingine, wagonjwa wasiofika 200,000 nchini kote, kipimo kilichotokana na sheria yao ya dawa ya 1983. Magonjwa ya namna hii yanayojulikana yanapita 6,000. Mengi chanzo chake ni vinasaba, na mengi huanza utotoni. Watafiti wa Orphanet, hifadhi ya taarifa za magonjwa adimu yenye makao yake Ufaransa, wamekadiria kwamba yakijumlishwa yote huwapata kati ya asilimia 3.5 na 5.9 ya watu duniani. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 315,943 Tana River. Ukichukua kile kiwango cha chini kabisa, unapata zaidi ya watu 11,000 katika kaunti moja. Hiyo ni hesabu ya kukadiria tu, lakini inatosha kumwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto wa aina hii hakuja shuleni kwake kwa bahati mbaya ya pekee. Aliyefundisha miaka 20 kando ya mto huu bila shaka amewafundisha kadhaa, bila kujua.

Tena uadimu hutegemea mahali. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kipimo cha Ulaya imo katika orodha ya magonjwa adimu. Huku kwetu Pwani imeenea, na sababu ni malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Miaka 50 baadaye watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust huko Kilifi, kaunti jirani, waliipima kinga hiyo kwa watoto na kukuta inakaribia asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Anayeilipia kinga hiyo ni mtoto aliyerithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama.

Nimeanza na selimundu kwa makusudi, kwani hakuna ugonjwa unaotufundisha zaidi jinsi shule na hospitali zinavyotegemeana. Desemba 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa REACH, uliowafuatilia watoto zaidi ya 600 wenye selimundu katika vituo 4 barani: Kilifi, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Watoto waliomeza dawa ya haidroksiyurea kila siku walipungukiwa na vipindi vya maumivu, maambukizi, malaria na haja ya kuongezewa damu, na vifo vilipungua pia. Kwa hiyo dawa inayomfaa mtoto wa Garsen imejaribiwa kwa watoto wa hali moja naye, wanaoumwa na mbu wale wale. Ni habari njema kweli. Lakini dawa humezwa nyumbani asubuhi, na saa 8 zinazofuata mtoto yuko mikononi mwa shule.

Katika saa hizo anahitaji maji mengi, kwa sababu mwili ukikauka chembe nyekundu za damu hupinda na kuziba mishipa midogo, hapo maumivu huanza. Joto la Garsen hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Figo zake nazo hazihifadhi maji vizuri, hivyo huenda haja ndogo mara nyingi kuliko wenzake. Sasa fikiria darasa lenye kanuni ya kutoka mara moja tu kwa kipindi. Mtoto mwenye aibu atajinyima maji ili asiombe ruhusa, na kanuni iliyowekwa kwa ajili ya utulivu itamlaza hospitalini. Homa pia si ya kungojea jioni. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha hana, kwa kuwa bakteria huingia damuni mwake kwa wepesi zaidi. Hilo nalo lilithibitishwa kwa watoto wa Kilifi mwaka 2009. Akinyeshewa na kushinda na nguo mbichi, maumivu yanaweza kumwanza. Chupa ya maji, ruhusa ya choo, sweta ya akiba, na mtu mzima anayeichukulia homa kwa uzito: hakuna hata moja hapo linalongoja bajeti ya serikali.

Ualbino unatupa funzo lingine. Walio nao wengi hawapendi uitwe ugonjwa, nami nakubaliana nao; ni hali ya kurithi. Hata hivyo ni adimu, na Kenya ina uzoefu mkubwa nayo. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likigawa mafuta ya kuwakinga na jua kupitia hospitali za umma. Mwaka 2017 Goldalyn Kakuya, msichana mwenye ualbino kutoka Kakamega, aliongoza nchi nzima katika mtihani wa KCPE kwa alama 455 kati ya 500, na picha yake ikawafikia watu waliodhani mtoto wa aina hiyo hafundishiki. Ninavyoona mimi, mabadiliko yalikuja pale mahitaji ya mtoto yalipofupishwa kuwa mambo machache ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyatenda: akae mbele, mbali na mwangaza wa dirisha, avae kofia na mikono mirefu hata kama sare ya shule haina, asomewe kilichoandikwa ubaoni, michezo yake iwe asubuhi mapema au jua likishapoa, karatasi yake ya mtihani iwe ya maandishi makubwa. Hakuna aliyehitaji kusomea udaktari. Magonjwa mengine adimu hayajafanyiwa kazi hiyo ya kufupisha, na hiyo ndiyo kazi ambayo mzazi, mwalimu na zahanati ya kijiji wanaweza kuifanya wenyewe kwa mtoto mmoja mmoja.

Shule pia ni macho. Kuna magonjwa ambayo mwalimu huyaona kabla ya daktari. Mvulana wa miaka 5 au 6 anayeanguka mara kwa mara, anayetembea kwa ncha za vidole, na ambaye akiinuka kutoka sakafuni hushika magoti, kisha mapaja, akijipandisha mwenyewe kwa mikono, huenda ana udhaifu wa misuli wa Duchenne. Humpata takriban mvulana 1 kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, na wengi wao hushindwa kutembea wakiwa na miaka kati ya 10 na 13. Mwalimu wa chekechea huwaona watoto 40 wakiinuka kutoka mkekani kila siku. Mama mwenye mtoto mmoja wa umri huo hana wa kumlinganisha naye. Mwalimu huyo akiandika tu alichokiona, bila kutaja ugonjwa wowote, na mama akaibeba karatasi hiyo hadi hospitali ya Ngao au ya Hola, daktari ataanza kazi akiwa amesogezwa mbele miezi mingi.

Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, nayo huwapata zaidi wavulana, na aina yake iliyo ya kawaida zaidi humpata 1 kati ya takriban 5,000. Kwetu huweza kujitokeza kwanza kwenye tohara, damu inapokataa kukata. Mtoto akipona, watu humshukuru Mungu na jambo husahaulika. Miaka kadhaa baadaye goti linavimba baada ya mpira, na mwalimu asiyejua habari za nyuma anaona mtoto anayedeka. Uvimbe ule ni damu inayovuja ndani ya kiungo. Anahitaji kupumzika, mguu uinuliwe, apate barafu kutoka duka lolote lenye friji. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, na asidungwe sindano ya kwenye msuli. Pigo la kichwa ni dharura hata kama mtoto anacheka na kusema hana neno. Dawa za kugandisha damu nchini hutegemea sana misaada ya Shirikisho la Dunia la Hemofilia, na ziko katika hospitali chache kubwa, kwa hiyo uamuzi wa mapema shuleni ndio unaoamua kama mtoto atafika kwenye dawa kabla kiungo hakijaharibika.

Na hapa siwezi kupita bila kugusa adhabu. Kupiga magoti kwenye changarawe, kufyeka nyasi jua la saa 7, kukimbia kuuzunguka uwanja: kila moja ya hizo ni hatari kwa mmojawapo wa watoto niliowataja, na fimbo ni hatari kwa wote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku adhabu za kuumiza mwili na za kudhalilisha, kwa kila mtoto. Shule inayoiheshimu sheria hiyo imeshawakinga wagonjwa isiowajua.

Sheria nyingine zipo pia, na ni nzuri. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, pamoja na huduma za afya. Ile sheria ya 2013 inaikataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa waziwazi. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataka wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana. Mei 2025 ilitiwa saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu badala ya ile ya 2003. Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kuhusu watu wenye magonjwa adimu Desemba 2021, na Baraza la Afya Duniani likafuata Mei 2025. Katiba haisemi haki ianze pale mtoto anapopata jina la ugonjwa.

Pengo liko kwingine. Fomu zetu zimezoea ulemavu unaoonekana na usiobadilika: haoni, hasikii, hatembei. Mtoto mwenye selimundu Jumatatu anacheza mpira, Jumatano hawezi kuinuka kitandani, na Ijumaa yuko darasani akionekana mzima. Mtu wa ofisini ataona nini? Ndiyo maana mzazi asiiache milango ya tathmini kwa sababu mtoto wake "hana ulemavu". Vituo vya tathmini ya elimu, maarufu kama EARC, vilianza 1984 na viko chini ya Wizara ya Elimu. Afisa wa elimu wa kaunti ndogo ndiye wa kuulizwa kilicho karibu kiko wapi na kinapokea watu siku gani. Ripoti yao humsaidia mtoto katika uandikishwaji na katika maombi kwa Baraza la Mitihani ya muda wa ziada au karatasi ya maandishi makubwa, maombi ambayo hupitia shuleni na yanataka kuanzwa mapema.

Mara nyingine tathmini humwelekeza mtoto kwenye shule maalumu ya bweni. Mombasa kuna Likoni kwa wasioona na Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo, na zimewalea wengi wakafika mbali. Lakini kumtoa mtoto wa miaka 7 Ozi au Kilelengwani, kumweka mbali na mama anayezijua dalili zake zote, kwa sababu tu shule ya kijijini haikukubali kubadilisha ratiba ya michezo, ni uamuzi ninaoupinga. Mtoto ambaye ugonjwa wake huja ghafla anahitaji kuwa karibu na anayemjua. Bweni liwe jibu pale mafunzo yenyewe yanapokuwa ya kipekee, kama nukta nundu, au pale shule ya karibu imejaribu kwa dhati ikashindwa.

Sasa turudi kwenye kuandika, maana hapa ndipo Tana River inapotofautiana na miji mikubwa. Nairobi mzazi anaweza kumweleza mwalimu mmoja kwa mdomo na maelezo yakadumu. Kaunti hii serikali yenyewe inaihesabu kuwa ya mazingira magumu, na walimu wengi wanaoletwa kutoka mbali huomba uhamisho. Anayemjua mtoto wako muhula wa kwanza huenda muhula wa tatu yuko Machakos. Waorma na Wardei hupeleka mifugo delta wakati wa kiangazi na kurudi nyikani mvua zinyeshapo, na baadhi ya watoto hufuatana na familia. Mapigano ya 2012 kati ya wakulima na wafugaji yaliwatawanya watu na kuwatoa watoto madarasani. Kisha kuna mto. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 ziliifurisha delta, na Aprili 2024 maji yalirudi kwa nguvu, barabara ikakatika Mororo, na serikali ikaahirisha kufungua muhula wa pili nchini kote hadi Mei 13. Familia za kando ya mto zilipokimbilia miinukoni, kadi za kliniki, vitabu na dawa viliingia majini. Mama aliyebeba watoto 2 hakuwa na mkono wa kubeba faili.

Kwa hiyo napendekeza ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ulioandikwa na mzazi pamoja na mwalimu wa darasa, ukasomwa na kutiwa saini na nesi au afisa wa kliniki wa zahanati. Nakala moja ikae kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwalimu wa darasa, moja kwa mama ndani ya mfuko wa plastiki. Picha yake iwe kwenye simu ya baba, ya shangazi, na ya mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka kijijini. Maji yakichukua karatasi, simu moja itabaki.

Ukurasa wenyewe unaweza kusema hivi: "Mtoto huyu anaumwa; hospitali bado inachunguza. Ugonjwa wake hauambukizi. Anywe maji kila kipindi na atoke bila kuomba ruhusa. Asikae juani, asibebe maji wala kuni. Akisema mguu unauma, mwalimu amwamini, alale kwenye ofisi. Akiwa na homa, mpigie mama, asipopatikana, mjomba. Asipopatikana yeyote, apelekwe zahanati kwa bodaboda, mjomba atamlipa dereva. Asipewe dawa yoyote isipokuwa iliyo kwenye bahasha hii." Huo ni mfano wa mtoto mmoja, wa mwingine utakuwa tofauti kabisa, na neno kama "hauambukizi" liandikwe tu baada ya mhudumu wa afya kulithibitisha. La lazima ni kwamba mwalimu mgeni aliyefika jana aweze kuusoma kwa dakika 2 na kujua la kufanya. Usomwe upya wiki ya kwanza ya kila muhula, maana mtoto hukua na ugonjwa hubadilika. Suala la nauli ya bodaboda lisionekane dogo. Dharura nyingi hukwama hapo, mwalimu akijiuliza nani atalipa.

Mazungumzo ya kuandika ukurasa huo yanataka adabu na wakati. Mama asiende asubuhi ya paredi wakati mwalimu mkuu amezungukwa na watu. Aombe siku, aende na mtu: baba wa mtoto, nyanya, au mzee anayeheshimika. Kama mama anaongea Kiorma au Kipokomo na Kiswahili chake si chepesi, mkalimani awe mtu mzima wa nyumbani, kamwe asiwe mtoto mwenyewe. Mtoto hapaswi kutamka mbele ya mwalimu maneno ya kuogopesha kuhusu mwili wake. Na mwalimu aanze kwa kumwuliza mama anachokijua, kabla ya kumweleza anachohisi yeye. Mama amelala na maumivu hayo usiku, miaka yote.

Mara nyingi mama huyo anabeba lawama pia. Husemwa alikosea, alilaaniwa, au ukoo wake una mkosi. Shule inayo nafasi ya kulisahihisha hilo bila kuhubiri. Selimundu na ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili kwa kipimo sawa. Hemofilia na Duchenne hupitia upande wa mama mara nyingi, lakini wapo watoto wengi ambao badiliko la kinasaba limeanza kwao wenyewe, pasipo aliyekuwa nalo kabla. Mwalimu wa sayansi anayelifundisha hilo vizuri darasani huenda anaokoa ndoa asiyoijua.

Nani aambiwe, na kiasi gani? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu taarifa ya afya kuwa nyeti, na mtoto ana haki ya kutotangazwa kwenye paredi. Walimu wote wanaomfundisha wajue la kufanya, na mwalimu wa madrasa au duksi pia, maana huko nako hukaa saa nyingi. Wanafunzi wenzake wanahitaji kujua machache, na la kwanza ni kama ugonjwa unaambukiza au la. Tunajua hofu hiyo inavyoharibu. Kaskazini mwa Uganda watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliukuta tangu miaka ya 1960, waliachishwa shule kwa wingi, baadhi kwa ukali wa kifafa chenyewe, wengine kwa sababu majirani waliogopa kula na kukaa nao. Watafiti wamekuja kuuhusisha na minyoo ya usubi, inayoenezwa na nzi wa mtoni. Kukaa dawati moja hakuusambazi. Miaka ya masomo waliyoipoteza watoto wale hairudi.

Najua mwalimu anayesoma haya ana darasa la watoto 60 au zaidi na mtaala mpya wa kuukamilisha. Atauliza, kwa haki, kama sasa ametakiwa kuwa nesi. Hapana. Asidunge sindano, asipime damu, asibadilishe dozi. Anaombwa kiti, maji, choo, kivuli, na simu. Anaombwa pia asiandike "mtoro" kwenye rejista pale mtoto alipolazwa Malindi wiki 2, na ampelekee kazi za darasa kwa simu ya mzazi. Mambo mazito zaidi ni ya serikali. Haidroksiyurea, mafuta ya jua na dawa za maumivu ziwe karibu na zisikatike. Nauli ya kwenda kliniki isimlazimishe mzazi kuuza mbuzi kila mwezi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024 badala ya NHIF, itapimwa na familia hizi kwa swali moja: mtoto wa ugonjwa wa maisha analipiwa nini, na hadi lini? Mwalimu hawezi kuibeba lawama hiyo.

Kuna mlango mmoja mpya ambao wazazi wa delta wanaukaribia bila kujiandaa. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walimaliza gredi ya 9 mwaka 2025 na kuingia gredi ya 10 Januari 2026. Kwa shule ya msingi na sekondari msingi, mtoto hukaa karibu na nyumbani, mara nyingi katika uwanja ule ule. Gredi ya 10 humpeleka popote, na kwa mtoto wa Garsen hiyo ni mara nyingi bweni, katika kaunti nyingine, kwenye shule isiyomjua yeye wala mama yake. Shule huchaguliwa miezi kadhaa kabla ya mtihani wa gredi ya 9. Mzazi wa mtoto wa gredi ya 8 mwenye ugonjwa adimu aende sasa kwa mwalimu mkuu, wakae na orodha ya shule, waulize kila moja ina nesi au haina, maji hukatika au hayakatiki, hospitali iko umbali gani, chandarua kinaruhusiwa bwenini au hakiruhusiwi. Kisha ule ukurasa mmoja unakiliwe na kutumwa kwa mwalimu mkuu wa shule mpya kabla ya siku ya kuripoti, na namba ya simu ya mwalimu wa zamani iandikwe chini yake.